Mfuko wenye hisa nyingi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hati fupi ya mfuko wa uwekezaji (chungu cha pamoja cha pesa za watu wengi) unaouzwa Ulaya huwa na mstari wa vijisanduku 7, na kimoja kimepakwa rangi. Namba 1 ni hatari ndogo, 7 ni kubwa. Mfuko uliojaa hisa hauwezi kukaa kwenye 1, na wengi wakiona hivyo hufunga hati hapohapo. Wameisoma namba ile kama uwezekano wa kufilisika, ilhali kinachopimwa zaidi ni jinsi bei ya kipande, yaani fungu unalonunua la mfuko, inavyoyumba, juu na chini.

"Hatari kubwa maana yake naweza kupoteza zote"

Kampuni moja inaweza kufa na hisa zake zikabaki karatasi tupu. Mfuko wenye kampuni 3,000 za nchi mbalimbali hauwezi kufika sifuri mpaka hizo zote zife kwa pamoja, na siku hiyo sidhani kama hata benki yako itakuwa imefungua milango.

Kinachotokea kweli ni kushuka, na kushuka kwenyewe si kwa mzaha. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 faharisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa takriban 500 za Marekani, ilipoteza karibu asilimia 57. Ilirudi pale ilipokuwa mwaka 2013. Kwa mtu aliyeweka pesa ya kustaafu miaka 20 mbele, kipindi kile kilikuwa kibaya lakini kikapita. Kwa aliyekuwa ameweka humo pesa ya nyumba aliyopanga kuijenga mwaka 2009, hasara ilikuwa hasara halisi, kwa sababu ilimbidi auze. Mfuko ni uleule. Kilichotofautiana ni tarehe ya kuihitaji pesa.

Ndiyo maana sipendi dodoso zinazouliza kama wewe ni "jasiri" au "mwangalifu". Nani anajiita mwoga? Afadhali hesabu. Tuseme hisa zimeshuka kwa nusu na hatifungani, yaani mikopo yenye riba kwa serikali au kampuni, hazikutikisika. Kwenye kila 1,000 uliyoweka, mfuko wa hisa tupu unakuachia 500. Wenye hisa asilimia 80 na hatifungani 20 unakuachia 600, na wa asilimia 60 unakuachia 700. Zidisha kwa akiba yako halisi, uandike jibu kwenye karatasi, ulitazame. Kama tumbo linakukaza sasa hivi ukiwa umekaa kwa utulivu, punguza hisa kabla ya kununua.

Tena hatifungani nazo si mto wa kulalia kila mara. Mwaka 2022 riba zilipopandishwa kwa kasi, hisa na hatifungani zilishuka pamoja.

"Rahisi ghali"

Msemo huu una ukweli wake ukinunua viatu. Kwenye mifuko umegeuzwa miguu juu, kichwa chini.

Mfuko wa faharisi hauna meneja anayechagua kampuni za kushinda soko. Unanunua zote zilizo kwenye orodha, basi, na ndiyo sababu ada yake ni ndogo. John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, alipouza wa kwanza kwa umma mwaka 1976, alilenga kukusanya dola milioni 150 akapata milioni 11 na kidogo. Wenzake kwenye biashara walicheka. Miaka mingi baadaye Warren Buffett, mwekezaji maarufu wa Marekani, aliweka dau la hadharani: kwa miaka 10, kuanzia 2008 hadi 2017, mfuko wa faharisi ya S&P 500 dhidi ya vikapu 5 vya mifuko ya wataalamu wenye ada nene. Wa faharisi ulikua kwa wastani wa asilimia 8.5 kwa mwaka. Wataalamu, kwa wastani, karibu 3.

Chukua 1,000 inayokua asilimia 7 kwa mwaka kabla ya ada, uiache miaka 30. Ada ikiwa asilimia 0.2 utakuta takriban 7,200. Ada ikiwa asilimia 2 utakuta 4,320. Tofauti hiyo hutaiona ikitoka mfukoni, maana hukatwa humohumo ndani ya mfuko, kidogo kidogo, na bei ya kipande unayosomewa tayari imeshaliwa. Kwa hiyo usiishie kwenye ada ya usimamizi. Tafuta jumla ya gharama za mwaka, halafu angalia kama kuna makato ya kuingia na ya kutoka.

"Nina mifuko mitano, mseto ninao"

Mseto ni kutawanya pesa ili anguko moja lisikumalize. Fungua orodha ya kampuni 10 kubwa za kila mfuko, uziweke sambamba. Mmoja unafuata S&P 500, wa pili Nasdaq-100 (kampuni kubwa 100 za soko la Nasdaq la Marekani), wa tatu MSCI World: kwenye zote tatu utakutana na Apple, Microsoft na Nvidia juu kabisa. Umenunua kitu kimoja mara tatu na kulipa ada mara tatu. Majina nayo yanadanganya. MSCI World inasema "dunia", lakini ni nchi 23 zilizoendelea. China na India hazimo, na sehemu kubwa ya uzito wake ni Marekani. Mfuko mmoja mpana unaweza kuwa na mseto kuliko mitano iliyopangwa kwa mazoea.

"Ukivumilia tu, hisa lazima zilipe"

Hii inatoka kwa upande wetu, sisi tunaozisifu hisa, na inanikera zaidi kwa sababu inakaribia ukweli. Faharisi ya Nikkei ya Japani ilifika 38,915 mwishoni mwa Desemba 1989. Iliipita namba hiyo Februari 2024, miaka 34 baadaye. Aliyekuwa akinunua kidogo kidogo njiani na kupokea gawio, yaani sehemu ya faida ya kampuni, hakuumia kiasi hicho. Aliyetia zote kileleni, kwenye nchi moja, alizeeka akisubiri. Malipo ya kubeba hatari ni matarajio tu, hakuna aliyeyawekea sahihi.

"Kijana hisa, mzee hatifungani"

Umri ni njia ya haraka ya kukisia, hakuna zaidi. Kijana anayelipa mahari mwakani hana nafasi ya hisa kwenye pesa hiyo. Mzee wa miaka 65 mwenye pensheni ya kumtosha anaweza kuziachia hisa zikae, akiwa anawawekea wajukuu.

"Nitatoka nikiona hali inachafuka"

Mwaka 2020 S&P 500 ilikuwa kileleni tarehe 19 Februari. Tarehe 23 Machi ilikuwa imepoteza karibu asilimia 34. Rafiki yangu mmoja aliuza katika wiki hiyo ya mwisho, akaniambia atarudi mambo yakitulia. Tarehe 18 Agosti faharisi ilivuka kilele chake cha zamani, na habari za ugonjwa wa corona zilikuwa bado hazijatulia hata kidogo. Yeye alikuwa bado anasubiri.