Mgonjwa mmoja, kadi tatu: yanayosemwa na yaliyopo

Hizi ni dhana tano kuhusu kumfuatilia mgonjwa mwenye maradhi mengi, hadi nyumbani kwake.

Dhana: mwenye maradhi mengi anahitaji hospitali kubwa zaidi.

Chukua mama wa Mbagala, Dar es Salaam, mwenye kisukari, presha na kifua kikuu (TB). Ana kadi tatu za kliniki, kila moja na siku yake. Rufaa ya Muhimbili itampatia bingwa; haitampatia mtu wa kuzisoma kadi zote kwa pamoja. Na maradhi haya hayakai kila moja chumbani kwake. Kisukari huongeza hatari ya kuugua TB mara mbili hadi tatu, na rifampisini, dawa kuu ya TB, hupunguza nguvu za baadhi ya vidonge vya kisukari. Kliniki ya TB ikianza dozi bila kliniki ya kisukari kujua, sukari inapanda, kisha mama anagombezwa kwamba hafuati masharti! Mara nyingine jambo huonekana nyumbani tu, dawa zinapomwagwa mkekani: maboksi mawili yenye majina tofauti, ndani dawa ileile ya presha, naye anameza zote.

Dhana: mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni wa vyandarua na watoto.

Mpango wa taifa wa Tanzania uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, na magonjwa yasiyoambukiza yamo katika kazi zao. Ila mhudumu aliyebebeshwa mtaa mzima hawezi pia kumfuatilia mgonjwa mzito kila wiki. Wagonjwa wa aina hii wapangiwe watu wao, wachache kwa kila mhudumu, na nesi wa zahanati anayepokea simu.

Dhana: ukimtembelea nyumbani, hatalazwa tena.

Hii ndiyo ahadi inayouzwa sana kwa wafadhili. Kule Camden, New Jersey, Marekani, mpango uliosifiwa mno wa kuwatembelea wagonjwa nyumbani baada ya kutoka hospitali ulipimwa kwa wagonjwa 800 waliogawanywa kwa kura, na matokeo yalitoka 2020. Ndani ya siku 180, takriban 62 kati ya kila 100 walilazwa tena, waliotembelewa na wasiotembelewa sawasawa. Tena mtu huchaguliwa kuingia mpango akiwa amezidiwa kabisa. Wengi hupata nafuu hata bila mpango. Kwa hiyo Temeke au Ilala tusihesabu vitanda peke yake. Tuulize kama presha imeshuka, kama vidonda vya miguu vimeonwa mapema, kama dozi ya TB imemalizwa.

Dhana: bila programu ya simu, kumfuatilia mgonjwa haiwezekani.

Daftari moja linalotembea na mgonjwa kliniki zote linatosha kuanzia.

Dhana: jirani ndiye mhudumu bora.

Kwa presha, sawa. Lakini kuna wanaotoka Gongo la Mboto kwenda kuchukua ARV upande mwingine wa jiji ili wasikutane na mtu wa mtaani kwao. Huyo ukimpelekea jirani, atafunga mlango, na pengine ataacha dawa. Aulizwe kwanza anataka nani aje, na waonane wapi.