Upinde wa kompaundi wa kwanza kwa anayetaka kuwinda

Karibu kila anayeniuliza kuhusu upinde wa kwanza huanza na kasi: huu unarusha mshale futi ngapi kwa sekunde? Swali lina sababu yake, maana hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Lakini katika kazi yangu ya kuwapima watu na kuwatengenezea pinde, sijaona mnyama aliyejeruhiwa akapotelea porini kwa kuwa upinde ulikosa kasi. Wanaopotea ni wale waliopigwa mahali pasipofaa, na mara nyingi chanzo chake ni upinde usiolingana na mwili wa mpigaji. Kwa hiyo tuanze na mwili wako. Kasi nitaifikia.

Kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Mmarekani Holless Wilbur Allen alipata hataza ya upinde wa kompaundi mwaka 1969. Upote, yaani kamba ya upinde, haukufungwa tena moja kwa moja kwenye ncha za mikono ya upinde, bali ulizungushwa kwenye magurudumu. Magurudumu ya siku hizi, yaani kemu, si duara kamili. Ukianza kuvuta, uzito hupanda upesi, hukaa juu kwa sehemu kubwa ya mvuto, kisha karibu na mwisho hushuka ghafla. Kushuka huko ndiko kunakoitwa nafuu. Upinde wa ratili 60 wenye nafuu ya asilimia 80 hukuachia ratili 12 tu za kushikilia. Kwa mwindaji hilo ni jambo kubwa. Kulungu anaweza kusimama nyuma ya kichaka nawe umekwisha kuvuta, ukangoja apige hatua mbili mbavu zionekane. Ukiwa na upinde wa jadi wa uzito huo, mikono ingeanza kutetemeka mapema sana.

Nafuu hiyo ina sharti lake. Kemu husimamisha mvuto mahali pamoja tu, pale palipopangwa, nasi hupaita ukutani. Upinde wa jadi unaweza kuuishia popote unapoona panakufaa. Huu hauna hiari hiyo, na ndiyo sababu urefu wa mvuto unatangulia vipimo vingine vyote.

Urefu wa mvuto

Simama wima, nyoosha mikono pembeni bila kujikaza, na mtu mwingine apime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ya mwingine. Gawanya inchi hizo kwa 2.5. Mwenye inchi 70 anapata mvuto wa inchi 28. Haya ni makadirio ya kuanzia tu. Jibu la kweli hupatikana ukiwa umevuta upinde, na mtu anayejua kazi akikutazama kwa upande.

Mimi huanza kutazama kiwiko cha mkono unaovuta, ambacho kinapaswa kulala kwenye mstari mmoja na mshale au juu yake kidogo. Halafu namtazama kichwa. Mvuto ukizidi urefu, kichwa hurudi nyuma kuufuata upote, mgongo hupinda, na bega la mkono unaoshika upinde hupanda kuelekea sikioni. Upote nao hupita karibu mno na mkono wa mbele, na michubuko hufuata. Mvuto ukipungua, mtu hubanwa: kiwiko hutokeza nje na uso hukosa mahali pa kuegemea upote. Panapofaa ni pale ambapo upote unagusa ncha ya pua huku kichwa kimekaa wima kama unapozungumza na mtu.

Kati ya kasoro hizo mbili, uliozidi ndio ninaoukuta zaidi. Kila inchi inayoongezwa huleta futi 10 hivi za kasi kwa sekunde, na kwenye chombo cha kupimia kasi hilo hupendeza. Ukijikuta kati ya vipimo viwili, chukua kilicho kifupi.

Jua pia jicho lako linalotawala. Unganisha viganja mbele yako ukiacha kitundu kidogo, tazama kitu cha mbali kupitia humo macho yote mawili yakiwa wazi, kisha funga jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo linalotawala. Likiwa la kulia, chukua upinde wa kulia, yaani unaoshikwa kwa mkono wa kushoto na kuvutwa kwa wa kulia. Wapo ambao jicho na mkono havikubaliani. Kwa anayeanza kabisa, napendekeza afuate jicho, mikono hujifunza.

Uzito wa kuvuta

Hapa ndipo kiburi kinapoharibu mambo. Mtu mzima mwenye nguvu zake huchukua upinde wa ratili 70, huuelekeza juu angani, huutupa chini huku akivuta kwa mwili mzima, na ukifika ukutani hutabasamu kwamba umemtosha. Haujamtosha. Misuli inayovuta upinde ni ile ya mgongo kati ya mabega, na kazi nyingi hazizoezi misuli hiyo kwa namna hii hata kidogo. Porini, mkono unaorushwa juu ni mwendo ambao mnyama atauona kabla hujamaliza kuvuta.

Kipimo changu ni hiki. Keti kwenye kiti, inua nyayo zote mbili kutoka sakafuni, elekeza mshale kwenye shabaha, kisha vuta polepole na moja kwa moja bila kupandisha upinde. Ukifika mwisho, tulia hapo nusu dakika, halafu urudishe upote taratibu bila kufyatua. Kama ulilazimika kupinda kiuno au kurusha mkono, punguza uzito. Fanya hivyo pia mwishoni mwa mazoezi, misuli ikiwa imechoka, na ukiwa umevaa koti lako la kuwindia. Kwenye baridi, baada ya kukaa kimya kwa saa kadhaa, ratili zilizokuwa nyepesi nyumbani huwa nzito.

Watu wazima wengi huanza vizuri kati ya ratili 40 na 50, na wenye miili midogo chini ya hapo. Sehemu nyingi zinazoruhusu uwindaji wa upinde huweka kima cha chini kwa wanyama wa ukubwa wa kulungu, na ratili 40 ni kiwango utakachokikuta mara kwa mara. Kwingine umekatazwa kabisa, Uingereza ikiwa mfano. Soma sheria ya pale utakapowinda kabla hujanunua chochote. Kwa kulungu, ratili 50 hadi 55 zenye mshale mzuri zinatosha bila wasiwasi. Ratili 65 na 70 zina maana kwa wanyama wakubwa zaidi, na hata huko ni kwa mtu anayezivuta bila jasho.

Ile namba ya kasi

Kasi inayotangazwa hupimwa kwa upinde wa ratili 70, mvuto wa inchi 30 na mshale wa greni 350. (Greni 15.4 ni gramu moja.) Huo si upinde wako. Tuseme umeandikwa futi 340 kwa sekunde. Wewe una mvuto wa inchi 28, umeuweka ratili 55, na mshale wako wa kuwindia una greni 420. Mkononi mwako utarusha futi 250 na kitu, labda 260.

Je, ungepata 290 ungekuwa mwindaji bora? Piga hesabu. Mnyama yuko yadi 30, yaani futi 90. Sauti husafiri zaidi ya futi 1,100 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa upinde humfikia baada ya sekunde 0.08. Mshale wa futi 260 humfikia baada ya sekunde 0.35, na ule wa futi 290 baada ya 0.31. Kulungu mwenye wasiwasi anaposikia mlio hukunja miguu na kushusha mwili ili akimbie, na mshale uliolenga mapafu ukampita juu ya mgongo. Futi 30 za ziada zimekuokolea sekunde 0.04 tu. Sogea hadi yadi 20, na mshale ule ule wa polepole utafika kwa sekunde 0.23. Yadi 10 za subira zina faida mara tatu ya kasi uliyokuwa unainunua. Upinde wenye mlio mdogo nao hukusaidia, kwa kuwa mnyama hashtuki sana, na mshale mzito hupunguza mlio.

Pinde za kasi sana pia hazikupi nafuu ya kukosea. Hupata kasi hiyo kwa kemu kali zinazopandisha uzito ghafla, na kwa kupunguza nafasi iliyopo kati ya mpini na upote wakati upinde umetulia. Nafasi hiyo ikiwa fupi, upote husukuma mshale kwa umbali mrefu zaidi, na kila mtikisiko wa mkono wako hupata muda wa kuupotosha. Anayeanza atafute inchi 6.5 hadi 7. Urefu wa upinde kutoka ekseli hadi ekseli, yaani kutoka mhimili wa kemu moja hadi wa nyingine, uwe wa inchi 30 hadi 33: mfupi kuliko hapo ni mwepesi kichakani lakini hautulii, mrefu zaidi hutulia lakini hugonga matawi.

Ninachopenda kumwona anayeanza akichukua ni upinde wenye marekebisho mapana. Bear Cruzer G2 hurekebishwa kutoka ratili 5 hadi 70 na mvuto wa inchi 12 hadi 30. Diamond Infinite Edge Pro ni ratili 5 hadi 70 na inchi 13 hadi 31. Pinde kama hizi si za kasi kuliko zote, na kemu zake zinazokubali vipimo vingi huleta hisia ya ukuta laini kidogo. Lakini mtu anaanza na ratili 40, anapandisha kidogo kidogo kadiri mgongo unavyozoea, na kosa la inchi moja kwenye mvuto halimlazimishi kununua upinde mwingine.

Mshale una neno la mwisho

Watu hutumia muda wote kwenye upinde, kisha huchukua mishale yoyote. Ni bora upinde wa kawaida wenye mishale iliyochaguliwa vizuri kuliko kinyume chake. Ugumu wa mshale huandikwa kwa namba kama 500, 400 au 340. Namba hiyo hupatikana kwa kuuweka mshale juu ya vihimili viwili vilivyoachana inchi 28 na kuning'iniza uzito wa ratili 1.94 katikati. Mshale wa 400 hupinda inchi 0.400. Kwa hiyo namba ndogo ni mshale mgumu zaidi. Ukipandisha uzito wa upinde, ukaongeza urefu wa mshale au ukafunga kigumba kizito, utahitaji mshale mgumu zaidi. Usinunue mishale mingi kabla uzito wa upinde haujatulia.

Usishuke kamwe chini ya greni 5 kwa kila ratili ya upinde. Mshale mwepesi mno hauwezi kubeba nguvu yote, nguvu hurudi kwenye mikono ya upinde na kemu, na upinde unaweza kupasuka. Kwa kuwinda napenda greni 7 hadi 8 kwa ratili.

Kigumba huua kwa kukata mishipa na mapafu, kwa hiyo ukali wake ni lazima uwe wa wembe. Kwa upinde wa ratili 55 kushuka chini, chagua kigumba chenye makali yasiyojikunja. Vile vinavyofunguka vinapogonga hutumia sehemu ya nguvu kujifungua, nawe huna ya kugawa. Na ufanye mazoezi na vigumba hivyo kabla ya msimu, kwani mara nyingi havipigi mahali pale pale zinapopiga ncha za mazoezi.

Kabla ya kila kipindi cha mazoezi, shika mshale wa kaboni ncha zote mbili, uukunje kidogo karibu na sikio, uuzungushe na kuukunja tena. Ukisikia mchakarisho, au kidole kikikwama kwenye uzi ulioinuka, uvunje vipande viwili uutupe. Mshale wenye ufa unaweza kupasuka wakati wa kufyatua, na vijiti vya kaboni huingia kwenye mkono unaoshika upinde.

Vifaa vingine si vya kuumiza kichwa: pini 3 za kulengea, kitundu cha kuchungulia kwenye upote, kiegemeo cha mshale, na kifyatulio cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, yaani kifaa kinachoushika upote na kuuachia. Kifyatulio kilegezwe au kukazwa hadi kiutoshe mkono, na kidole kikae nyuma ya kitufe mpaka umemaliza kuvuta.

Ukinunua upinde uliotumika, uliza kama uliwahi kufyatuliwa bila mshale, lakini usitegemee jibu. Pitisha pamba polepole kwenye mikono yote ya upinde, hasa karibu na kemu. Ikinasa, pana ufa. Tazama kingo za kemu kama zina mbonyeo, na uvute taratibu ukisikiliza mlio wowote. Upote uliochakaa unabadilishwa, hilo si tatizo. Mkono wenye ufa haugundishwi. Upinde huo uache hata ukipewa bure.