Kaliba ya kwenye leseni haibadilishwi kwa fundi

Kamwene. Katika uhakiki wa silaha za raia kuna swali linalorudi kaunta ya polisi kila mara, hasa kutoka kwa ndugu zetu wa Idodi na Pawaga wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha: "Afande, hii yangu naweza kuiongezea kaliba ili inisaidie kwa tembo?" Yaani kupanua tundu la mtutu ili bunduki ipige risasi kubwa zaidi. Jibu ni hapana. Ila najua "hapana" tupu haijawahi kumtosha mtu mwenye bunduki, kwa hiyo nieleze.

Mzee mmoja alituwekea mezani bunduki ya komeo (kipande cha chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma), muundo wa Mauser wa Kijerumani wa mwaka 1898, imeviringishwa kwenye khanga. Ameirithi kihalali na leseni anayo. Leseni inasema .30-06. Fimbo yetu ya kusafishia mtutu wa kaliba hiyo ilipoingizwa ikapwaya humo ndani kama kijiko kwenye sufuria: mtutu ulikuwa umepanuliwa. Mfukoni mwa shati alikuwa na ganda la risasi aliyokwisha kuipiga: limepasuka karibu na kitako, kingo za ufa nyeusi kwa masizi. "Fundi kaniambia chuma cha Mjerumani hakivunjiki," akasema.

Kinavunjika. Risasi ya .30-06 ikilipuka, mgandamizo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, hufika zaidi ya mara 1,500 ya upepo wa tairi la gari dogo, sentimita chache kutoka shavuni mwako. Kinachouzuia ni komeo na meno yake mawili ya mbele. Kitako cha risasi ya .30-06 kina upana wa milimita 12; cha .375 ya Holland & Holland, risasi ya Waingereza ya mwaka 1912 ambayo wengi huitaka kwa tembo, ni milimita 13.5. Kwa mgandamizo uleule, upana huo tu huongeza nguvu inayolisukuma komeo nyuma kwa takriban robo. Ili kitako kipana kikae, fundi analipunguza chuma komeo lenyewe. Risasi pia ni ndefu zaidi, hivyo anachimba na sehemu inayozishika risasi. Yaani mzigo umeongezwa na nguzo imechongwa. Viwanda hufanya kazi hiyo kwa vipimo, kisha huijaribu silaha kwa risasi zenye nguvu kupita kiasi kabla mtu hajaigusa. Fundi wa kuchomelea mageti hana kifaa hicho, na kupiga risasi tatu porini ukarudi na macho yote mawili si kipimo.

Kisheria mambo ni mepesi zaidi kuliko watu wanavyoyafanya. Leseni hutaja aina, kaliba na namba ya silaha. Ukibadili kaliba, unamiliki silaha ambayo haimo kwenye leseni yoyote, na risasi zake huna kibali cha kuzinunua. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mwenye bunduki na fundi asiye na leseni ya kazi hiyo wote wanashitakiwa. Kuna faini, kuna kifungo, na silaha inataifishwa. Kufuta namba ni kosa jingine, peke yake. Na tafadhali, bunduki ya marehemu hairithiwi kama shamba: inakabidhiwa kituoni kwanza, mrithi anaomba upya. Anayetaka kaliba kubwa naye anaomba upya, kuanzia kwa mtendaji wa kijiji, kamati ya ulinzi na usalama ya kata, wilaya, mkoa, hadi kwa Msajili, pamoja na alama za vidole. Ndiyo, inachukua muda.

Wapo wanaotuletea kanuni za uwindaji: "Si imeandikwa .375 kwa tembo?" Imeandikwa, kwa mwindaji mwenye kibali cha kuwinda. Leseni ya kulinda mali si kibali cha kuua tembo, hata awe katikati ya mahindi yako. Toa taarifa kijijini usiku huohuo ili askari wa wanyamapori waitwe, na usivune wala kulima eneo lililoharibiwa kabla ofisa hajalikagua, la sivyo dai la kifuta jasho linakwama. Kamba zenye oili chafu na pilipili, zikizungushiwa shamba, zinasaidia kuwazuia tembo kuliko wengi wanavyoamini.

Bunduki ya mzee imebaki ghalani, ikiwa na kibandiko chekundu kwenye komeo. Tulimwandikia hati ya mapokezi, akaisoma mara mbili, akaomba khanga yake. Tukampa.