Je, wajua kwa nini filamu nyingi huanza kama video mbovu?

Tarehe 19 Novemba 1993, wakubwa wa Disney waliketi kutazama kazi iliyokuwa ikiandaliwa na Pixar, studio iliyokuwa bado changa huko California. Katuni yenyewe ilikuwa haijawa tayari. Walichooneshwa ni michoro ya mkono iliyopangwa mmoja baada ya mwingine kwenye video, ikisindikizwa na sauti za wahusika. Ilitosha kuharibu siku. Woody, mwanasesere aliyetakiwa kupendwa na watoto, alionekana mkorofi mwenye kejeli tupu. Kazi ikasimamishwa, hadithi ikasukwa upya, na mwaka 1995 ikatoka Toy Story, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta.

Skripti ya awali walikuwa wameipitisha Januari mwaka uleule wa 1993. Tena Disney wenyewe ndio waliosukuma wahusika wawe wakali zaidi. Ilikuwaje basi tatizo lisubiri michoro?

Kwa maoni yangu, ni kwa sababu karatasi haina saa. Msomaji huenda kwa mwendo wake. Penye uzito anaruka, penye ukimya anajaza mwenyewe. Video haimpi nafasi hiyo. Ukali wa kusomwa ukigeuka wa kutazamwa, hauna pa kujificha.

Video ya namna hii huitwa animatiki. Zamani michoro ilibidi ipigwe kwenye mkanda wa filamu na kusafishwa maabara. Leo simu ya kawaida yenye programu ya kuhariri video inatosha, na hata asiyejua kuchora anaiweza.

Tuseme una wazo la kichekesho: abiria wa daladala anadai chenji yake, konda anajifanya hasikii. Chora picha sita kwa kalamu ya wino, watu wa vijiti tu. Abiria anatoa noti ya elfu kumi. Konda anaikunja kati ya vidole. Abiria anauliza. Konda anatazama nje. Abiria wengine wanageuka. Konda anagonga bodi, “Shusha!” Zipige picha, ziingize kwenye programu, kisha urekodi sauti zote mwenyewe, hata ya mama wa siti ya nyuma.

Sasa cheza na picha ya nne, ile ya konda kutazama nje. Iache kwa sekunde moja: ni ugomvi wa kawaida. Ivute hadi sekunde nne, kimya, injini tu ikinguruma, na watu wataanza kucheka kabla konda hajafungua mdomo. Hakuna skripti itakayokuambia hilo. Na umelijua bila kukodi gari wala kumlipa mwigizaji nauli.

Kisha irushe kwenye grupu la WhatsApp la wenzako. Usihangaike kuipamba. Ukituma kitu kilichong’arishwa, watu huona umeshamaliza, wanakupa hongera na dole gumba. Michoro ya vijiti haimtishi mtu. Hata yule mpole wa grupu atasema mwisho haueleweki. Ila usiwaulize kama wameipenda. Waulize ni wapi walitamani kuisogeza mbele.