Mama mkubwa amehamia chumba kimoja: "banamutupa"?

Jumapili moja, sebuleni kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, simu ilizungushwa mkono kwa mkono. Mama mkubwa, ambaye yuko Portland, Maine, alikuwa akituonyesha makao yake mapya kwa video: kitanda, kiti cha kuegemea, jiko dogo la ukutani, bafu, dirisha. Ziara yote haikufika dakika moja. Kaka yangu akauliza, "Njo nyumba yote hii?" Yeye akacheka. Alipokata simu hakuna aliyecheka. Mjomba alitikisa kichwa, akasema neno moja: "Banamutupa," yaani wamemtupa.

Mwanamke huyu alikaa miaka mingi katika lupango (kiwanja chenye nyumba na uani) lenye miti miwili ya maembe na mabinti wa ndugu wasiohesabika. Uchungu wa mjomba ninauelewa. Ila karibu kila kilichosemwa jioni ile kilikuwa nusu kweli au si kweli kabisa.

"Wamemweka nyumba ya wazee"

Hili ndilo lililotuumiza zaidi. Kwetu, ukisema nyumba ya wazee, watu wanaona pale masista wanapowatunza wasio na mtoto wala ndugu. Jamaa zetu wa Ubelgiji nao huita kila kitu "home", hivyo fujo inazidi. Lakini huko huko Ubelgiji kuna *maison de repos*, ambako wahudumu wapo usiku na mchana, na kuna *résidence-services*, ambako mzee anapanga apatimenti yake na kujitegemea. Marekani nayo ina ngazi zake: makazi ya wazee wanaojitegemea, makazi yenye msaada wa kuoga, kuvaa na kumeza dawa, kisha nyumba za uuguzi. Mama mkubwa yuko ngazi ya kwanza. Ufunguo ni wake, mlango anafunga mwenyewe, akitaka kupika sombe, majani ya muhogo, saa nne za usiku anapika.

Kwa hiyo wasiwasi wetu ulikuwa umeelekea upande usio wake. Tulidhani amefungiwa chini ya wauguzi, kumbe pale hakuna muuguzi wa kumhudumia. Katika makazi ya aina hii kodi kwa kawaida hulipia nyumba, usafi kidogo, gari la kwenda sokoni, mara nyingi na chakula cha pamoja. Kuogeshwa na kukumbushwa dawa havimo. Siku mwili ukikataa, atamlipa mtu wa kuja kumsaidia au atahama tena. Hilo ndilo la kuwauliza binamu zetu, watoto wake, si kwa nini wamemtupa.

"Kachumba kale ni ka maskini"

Bei hupanda kwa ukubwa wa apatimenti: chumba kimoja kisicho na ukuta wa ndani, kisha chenye chumba cha kulala pembeni, kisha vyumba viwili. Lakini ukumbi wa chakula, bustani, gari na mazoezi ya asubuhi ni vya wote. Aliyepanga vyumba viwili anakunywa supu ile ile. Na Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na zaidi, hailipi kodi ya makazi haya. Pesa inatoka kwenye pensheni, akiba, au mifuko ya watoto. Anayechukua nafasi ndogo leo anabakiza kitu cha kulipia msaada kesho, na msaada ndio ghali. Maskini hafanyi hesabu ya namna hiyo. Hana cha kuhesabu.

(Maswali mawili ya kuuliza kabla ya kusaini: kodi itapanda kiasi gani kila mwaka, na ada ya kuingia inarudishwa au hairudishwi?)

"Wageni watalala wapi?"

Hapa mjomba ana haki yake, sitamnyang'anya. Sheria ya Marekani inaruhusu makazi kuwakataa watu wenye watoto wadogo ikiwa wakaazi wote wana miaka 62 au zaidi, au ikiwa angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu wa miaka 55 au zaidi. Ndiyo maana mjukuu anakuja kutembea, haji kuishi. Kanuni za nyumba nazo mara nyingi huweka idadi ya siku ambazo mgeni anaweza kulala. Sehemu nyingi zina chumba cha wageni cha kukodi kwa usiku, na ukumbi unaweza kuombwa kwa sikukuu. Lakini binti wa ndugu aliyekuja kwa wiki mbili akabaki mpaka amalize masomo, jambo ambalo kwetu halimshangazi mtu, pale haliwezekani.

Ni hasara ya kweli, na apatimenti ya vyumba viwili isingeiondoa, maana kanuni ni ile ile. Wengi wanalipia chumba cha pili kwa ajili ya wageni wanaokuja mara mbili kwa mwaka, kisha kinajaa masanduku.

"Kadogo hakana hatari"

Huu ni uongo wa upande wa pili, wa wale wanaoshangilia. Marekani, zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka, na chumba kidogo kilichosongwa na vitu kinaangusha kuliko nyumba kubwa iliyo wazi. Mama mkubwa alitaka kwenda na kabati lake la vyombo. Mwanawe akachukua futi, akapima ukuta, akaandika vipimo sakafuni kwa utepe wa karatasi. Kabati lilikuwa linakula njia ya kutoka kitandani kwenda chooni. Lilibaki kwa binti.

Njia hiyo ndiyo kipimo changu cha kwanza, kabla ya mita za mraba. Cha pili ni bafu: je, unaingia bila kuvuka ukingo, na kuna cha kushika? Cha tatu ni mlango. Uwazi wa sentimita 81 hivi unapitisha kiti cha magurudumu, na hata asiyekihitaji leo anaweza kukihitaji baada ya kuvunjika nyonga. Kwa wanandoa ningeongeza ukuta kati ya kitanda na kiti, kwa sababu anayekoroma na asiyelala hawawezi kugawana chumba kimoja usiku na mchana.

Na dirisha. Sisi wa Lubumbashi, kusini ya ikweta, mwezi wa sita jua la mchana tunaliona kaskazini. Maine jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na wakati wa baridi linapita chini sana. Mama mkubwa alipewa kuchagua vyumba viwili vya ukubwa mmoja. Kwa mazoea ya kwetu alitaka kile cha kaskazini. Angekaa gizani tangu mwezi wa kumi na moja.

"Mambo ya Wazungu, hayatuhusu"

Zunguka Kamalondo au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, uhesabu wazee waliohamia aneksi, kijumba cha nyuma ya lupango, na kupangisha nyumba kubwa mbele. Ni shauri lile lile, bila ukumbi wa chakula.

Wengine wanaogopa kwamba mpangaji akikaa sana nyumba inakuwa yake. Kodi haigeuki kuwa umiliki: haki ya lupango iko kwenye *certificat d'enregistrement*, yaani hati ya kiwanja, na jina lililomo haliondoki kwa sababu mwenyewe amehamia uani. Sheria ya upangaji ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka mpaka wa garanti, pesa ya amana anayotanguliza mpangaji, kuwa miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, hata kama mtaani watu wanadai zaidi. Andikeni mkataba, hata na mpwa.

Kosa la aneksi zetu ni choo. Nyingi zinatumia choo cha uani, na mvua ya mwezi wa kwanza ikishalainisha udongo, hatua kumi za usiku ni safari. Mzee wa namna hiyo afadhali abaki na chumba kimoja ndani ya nyumba kubwa, karibu na bafu, na aneksi ndiyo ipangishwe. Nilimwambia mjomba hivyo, maana naye ana miaka 74 na aneksi anayoipigia hesabu.

Hakujibu. Wiki iliyofuata mama mkubwa alipiga tena, na swali lake la kwanza lilikuwa nani anafagia majani ya maembe siku hizi. Mjomba akasema ni yeye. "Na mugongo?" akauliza. Mjomba akanipatia simu, akaenda kutafuta futi.