Halmashauri na ushirika: dhana zinazosambaa na mambo yalivyo

Dhana: Ushirika ukishikana mkono na halmashauri, tayari ni mali ya serikali.

Kwetu Tanzania woga huu una historia. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao, hadi sheria ya 1982 iliporuhusu virudi. Mkulima aliyeyaona hayo hahitaji kuelezwa maana ya kumezwa.

Ila yale ya 1976 yalikuwa kinyume cha ushirika wenyewe. Kati ya misingi saba iliyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, wa nne ni uhuru wa chama: kikiingia mkataba na serikali au kikipokea mtaji wa nje, wanachama ndio wabaki na kauli ya mwisho. Kwa hiyo halmashauri inaweza kuwa mteja wa chama, kukikopesha, hata kukipangisha jengo. Kuteua mwenyekiti wake si kazi yake.

Dhana: Preston ulifufuliwa na vyama vya ushirika.

Mji huu wa Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, hutajwa kila penye mjadala wa halmashauri kusaidia ushirika, na mara nyingi hutajwa vibaya. Mwaka 2011 mradi wa Tithebarn, wa kujenga upya katikati ya mji kwa pauni milioni 700, ulikufa baada ya John Lewis, duka lililotegemewa kuvuta wengine, kujitoa. Mwekezaji mwingine hakuonekana. Diwani Matthew Brown na wenzake, wakisaidiwa na kituo cha utafiti cha CLES cha Manchester, wakageukia fedha ambazo tayari zilikuwa zinatumika: halmashauri ya mji na ya kaunti, polisi, vyuo na shirika la nyumba zinanunua kila mwaka, je, zinanunua kwa nani?

Hesabu ya 2012/13 ilionyesha kwamba taasisi hizo zilitumia ndani ya Preston asilimia 5 tu ya manunuzi yao. Kufikia 2016/17 zilikuwa asilimia 18.2. Kwa Lancashire nzima, zilipanda kutoka asilimia 39 hadi 79.2.

Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwa kampuni za kawaida za wenyeji. Vyama vya ushirika vya wafanyakazi vilihimizwa, lakini ni vichache na vidogo. Kilichofanya kazi kubwa ni ofisi ya ugavi, mahali ambapo wanasiasa hawapendi kupigia picha.

Dhana: Kununua kwa wenyeji ni kuvunja sheria ya zabuni.

Wakati huo Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, na haikuruhusiwa kuandika kwenye zabuni “wenyeji tu”. Taasisi za Preston hazikuandika hivyo. Kaunti ya Lancashire iliigawa zabuni ya chakula cha shule katika mafungu tisa, maziwa peke yake, mayai peke yake, jibini peke yake, na ghafla wasambazaji wa karibu waliweza kushindana na kushinda. Kenya, kwa njia nyingine, sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Dhana: Wanaushirika wakipewa mtaji, watasimama.

Tanzania tunavijua vikundi vinavyozaliwa siku halmashauri inapotangaza mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kutawanyika fedha zikiisha. Cleveland, Marekani, ambako Preston walichota mawazo, chama cha dobi cha Evergreen kilianza 2009 kikiwa na mtaji na mashine za kisasa. Kilichokosekana ni mteja mkubwa: kazi kubwa ya hospitali ya Cleveland Clinic, iliyoko jirani, hakikuipata hadi 2018.

Dhana: Halmashauri ikijiita ya ushirika, basi ni ya ushirika.

Lambeth, London, ilijitangazia jina hilo 2010. Miaka hiyohiyo iliendelea kuuza nyumba za zamani zilizokaliwa kwa miaka mingi na wanachama wa vyama vya ushirika vya nyumba, nao wakatakiwa kuhama.

Dhana: Wapangaji wakiwa wamiliki, kero zimekwisha.

Hili ndilo linalouma, kwa sababu limetokea Rochdale, mji wa Uingereza ambako watu 28 walifungua duka lao la ushirika Desemba 1844 na kuupa ulimwengu misingi tunayoinukuu. Mwaka 2012 shirika lililosimamia nyumba za halmashauri, Rochdale Boroughwide Housing, liligeuzwa chama kinachomilikiwa na wapangaji na wafanyakazi. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili alifariki katika mojawapo ya nyumba hizo. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alithibitisha kwamba maradhi ya kupumua yaliyomuua yalitokana na kuvu iliyoota ndani ya nyumba. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017.

Chama kilikuwa na wanachama, uchaguzi na chombo cha wawakilishi. Malalamiko ya familia moja hayakufika popote pa maana. Ofisa mtendaji mkuu aliondolewa baada ya uamuzi huo kutangazwa. Sheria iliyopitishwa 2023 iliweka msingi wa kuwabana watoa nyumba za kijamii washughulikie unyevu na kuvu ndani ya muda maalumu, wawe ushirika au wasiwe.