Tairi Gumu Kama Jiwe Halikupi Mbio

"Fundi, nijazie upepo mpaka tairi liwe jiwe; leo twapanda Kwale." Maneno hayo niliambiwa Jumamosi iliyopita alfajiri, tukiwa upande wa kisiwani tunasubiri feri ya Likoni, na aliyeniambia ni kijana mwenye baiskeli nzuri ya changarawe, yaani iliyotengenezwa kwa njia za kokoto, yenye matairi ya upana wa milimita 40 ambayo tayari yalikuwa na 60 psi, kipimo cha msukumo wa upepo. Nilitoa kipima upepo mfukoni, nikayapunguza hadi 36 mbele na 39 nyuma, naye akawa ananitazama kama mtu anayeona mali yake ikimwagwa mchangani. Nimekuwa fundi wa baiskeli hapa Mombasa kwa miaka mingi, na mwisho wa juma huongoza kikundi cha waendeshaji kwenye njia za udongo mwekundu zinazopita katika vijiji vya Kwale, ambako mtu aweza kwenda muda mrefu bila kupishana na gari. Sijaona dhana iliyowaharibia watu safari nyingi kuliko hii, kwamba kadiri tairi linavyokuwa gumu ndivyo baiskeli inavyokimbia na ndivyo inavyoepukana na pancha.

Dhana yenyewe haikuzuka hivi hivi. Katika lami laini, mtu anayeendesha baiskeli ya mashindano yenye matairi ya milimita 25 hutia 80 psi au zaidi kwa sababu tairi jembamba hubeba hewa kidogo, na likilegea rimu itagonga barabara. Vilevile ndugu zetu wanaobeba mitungi ya maji au madafu kwa baiskeli aina ya Black Mamba hujaza upepo mwingi, nao wana haki, kwa kuwa mzigo wao peke yake huweza kushinda uzito wa mwendeshaji. Kosa ni kuichukua hekima ya lami na ya mzigo mzito, kisha kuipeleka kwenye kokoto za mlimani, ukiwa huna mzigo ila chupa mbili za maji.

Tairi likikutana na jiwe dogo, kuna mambo mawili tu yanayoweza kutokea. Likiwa na upepo wa kiasi, mpira hubonyea, ukalimeza jiwe lile, na baiskeli ikaendelea mbele bila kupanda wala kushuka. Likiwa gumu halibonyei, kwa hiyo baiskeli yote pamoja na mwili wa aliyeipanda lazima vinyanyuliwe kulipita jiwe, na nguvu ya kunyanyua hutoka miguuni mwake, kisha huishia katika mtikisiko wa mikono, mabega na mgongo. Zidisha kunyanyuliwa huko kwa maelfu ya mawe yaliyo katika kilomita moja ya changarawe, nawe utaelewa kwa nini mtu hufika juu ya kilima akiwa amechoka kuliko wenzake ilhali mapafu yake ni mazima. Isitoshe, gurudumu linaloruka haligusi ardhi, na gurudumu lisilogusa ardhi halisukumi, halikati kona wala halifungi breki. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, aliposajili tairi lake la upepo mwaka 1888, alikuwa ameanza kwa kumtengenezea mwanawe baiskeli ya magurudumu matatu isiyomtikisa njiani. Upepo uliwekwa ndani ya mpira ili ubonyee, na anayeujaza mpaka usibonyee amerudi kwenye gurudumu la mpira mtupu usio na upepo.

Asiyeniamini humfanyia jaribio ambalo hata yeye aweza kulifanya peke yake. Tafuta mteremko mfupi wa changarawe unaoishia mahali tambarare, simama kwenye alama moja, achia breki, na uteremke bila kukanyaga pedali mpaka baiskeli isimame yenyewe. Chora mstari ardhini. Punguza upepo kwa 15 psi, urudie kutoka alama ile ile ukiwa umekaa vile vile. Kijana wangu wa Jumamosi alirudia mara tatu, kwa kuwa alidhani amekosea, na mara zote tatu mstari wa tairi laini ulikuwa mbele ya mstari wa tairi gumu.

Kuhusu pancha, wateja wangu huchanganya pancha za aina mbili. Ya kwanza hutokea tairi likiwa na upepo mdogo kupita kiasi, rimu ikaibana tyubu dhidi ya jiwe, na ukiitoa tyubu utaona matobo mawili yaliyokaa sambamba. Hiyo kweli huzuiwa kwa kuongeza upepo. Ya pili ni ya mwiba au ya jiwe lenye ncha, nayo haizuiwi na ugumu wa tairi. Tena tairi gumu huumia zaidi kwa mawe makali, kwa sababu mpira uliokazwa hauna nafasi ya kukwepa, hivyo ncha huuchana badala ya kuubonyeza. Ubavu wa tairi ukichanika, tyubu mpya haitoshi, kwa kuwa itachomoza kwenye mpasuko na kupasuka. Weka kwa ndani kipande cha pakiti ngumu ya maziwa kilichokunjwa mara mbili, kisha ujaze upepo taratibu. Kipande hicho hakikosekani katika mfuko wangu, na kimewarudisha nyumbani watu wengi ambao wangesukuma baiskeli hadi Kombani.

Sasa vipimo. Mwendeshaji wa kilo 70 mwenye matairi ya milimita 40 na tyubu ndani aanze na 35 hadi 40 psi. Asiyetumia tyubu, ila dawa ya maji inayotiwa ndani ya tairi kuziba matobo, aweza kushuka kuelekea 30. Gurudumu la mbele lipewe kidogo kuliko la nyuma, maana uzito mwingi huwa nyuma. Aliye mzito aongeze, aliye mwepesi apunguze, na mwenye tairi pana zaidi apunguze tena. Ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mpaka usiopaswa kuvukwa. Sio pendekezo, na nachoka kulisema hili kila wiki. Kidole gumba nacho si kipimo, kwani tairi la 40 na la 60 huhisiwa sawa na mtu ambaye hajazoea. Nunueni kipima upepo kabla ya kununua miwani, jezi au kitu kingine chochote. Mkumbuke pia jua letu: tairi lililopimwa 40 asubuhi kwenye nyuzi 25, likiachwa juani hadi mpira ukafika nyuzi 50, hukaribia 45 bila kuguswa na pampu.

Dhana ya pili kwa kunikera ni kwamba gia nyepesi ni za wanyonge. Mtu huanza kupanda kwa gia nzito, akishindwa husimama juu ya pedali, na papo hapo gurudumu la nyuma huteleza kwenye kokoto kwa sababu ameliondolea uzito wake. Katika changarawe panda ukiwa umekaa, kifua kimeinama kidogo mbele, miguu ikizunguka haraka na kwa wepesi. Meno ya mbele yasizidi meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma; ukiwa na 40 mbele na 42 nyuma utapanda milima yote ya Kwale bila kuyaumiza magoti. Badilisha gia kabla mlima haujakukamata, kwa kuwa cheni inayobadilishwa chini ya nguvu zako zote ndiyo inayokatika.

Wengine husema breki ya mbele huua, wakateremka kwa breki ya nyuma peke yake. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli zaidi, na ya nyuma ikikamuliwa peke yake hulifunga gurudumu likaburura. Punguza mwendo kwa breki zote mbili kabla ya kona, njia ikiwa bado imenyooka, makalio yamerudi nyuma ya kiti na vidole vinabana kidogo kidogo. Ndani ya kona yenye kokoto uiachie ya mbele.

Kwamba pasipo magari hapana haja ya kofia ngumu ni dhana ninayoikataa kabisa, na asiyeivaa hatoki nami. Njia hizi zina mbuzi wanaovuka bila onyo, bodaboda zinazotokea nyuma ya kichuguu, na makorongo yanayochimbwa na mvua usiku mmoja mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa sawasawa. Masika ikikolea, udongo mwekundu huwa utelezi ambao hakuna tairi linaloushika, na tope lake hujaa kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu lisizunguke. Mwezi wa tano sipeleki mtu huko. Upande wa Shimba Hills, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1968, pana tembo, nao hutoka nje ya uzio mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kuingia njia yoyote iliyo karibu na msitu tunawauliza wenyeji kwanza. Mzee wa kijiji akisema, "Msipite huku leo, wanangu," tunageuza.

Kuhusu bei, baiskeli ya milimani ya mtumba iliyofungwa matairi yasiyo na meno makubwa hufanya kazi hii vizuri sana, na nusu ya kikundi changu huendesha hizo. Wenye dawa ya kuziba waiongeze kila baada ya miezi miwili, kwani joto la Pwani huikausha ikawa utando mkavu usioziba chochote. Na baiskeli inayolala karibu na bahari ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushwe, cheni itiwe mafuta, hata kama haikuchafuka, kwa sababu chumvi ya hewani huila bila kuonekana.

Iko pia dhana ya kwamba Pwani ni tambarare, na anayetaka milima aende bara. Kutoka ufuo wa Likoni hadi mji wa Kwale ni kama kilomita 30, nawe utakuwa umepanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 400, kabla hata ya kuigusa changarawe. Mwenye hamu zaidi aende Taita, ambako kilele cha Vuria kina mita 2,208 na njia za vijiji kuzunguka Wundanyi hupanda na kushuka bila kupumzika. Kikundi kinakwenda huko mvua za vuli zikiisha, na kila tairi litapimwa kabla ya kuondoka.